Insha ya Kiingereza haifi kwenye mtihani, inafia kwenye daftari

Mhariri,

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, lawama za Kiingereza ni zilezile: wanafunzi hawasomi, msingi wa shule ya msingi ni mbovu, na walimu wenyewe lugha inawapiga chenga. Yote yana ukweli wake na yameshasemwa hadi yamechosha. Naomba nafasi nizungumzie jambo dogo zaidi, ambalo liko mikononi mwa shule yenyewe na halisubiri bajeti ya mtu: nini kinaipata insha tangu siku mwanafunzi anapoikabidhi hadi siku daftari linaporudi mezani kwake.

Mara nyingi kinachoipata ni hiki. Daftari linarudi baada ya wiki tatu. Juu kuna 6/15. Katikati kuna viduara na mistari ya wino mwekundu, na chini kabisa pameandikwa "Poor grammar. Work hard." Mwanafunzi anaiangalia ile 6, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Insha ijayo itakuja na mada nyingine na makosa yaleyale, maana hakuna mahali popote alipotakiwa kufanya chochote na ule wino.

Jambo hili si geni kwa watafiti. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wa shule nchini Israeli: kundi moja lilirudishiwa alama tupu, la pili maoni matupu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopanda ni wale wa maoni matupu. Waliopewa vyote viwili hawakuwazidi wenye alama tupu, kwa kuwa jicho likishaiona alama, maoni hayasomwi tena. Mwaka 1996 Kluger na DeNisi walikusanya matokeo 607 ya athari za mrejesho, ya shuleni na ya kazini, wakakuta zaidi ya theluthi moja yake mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuupandisha. Ulidhuru hasa pale ulipomfanya mtu ajifikirie yeye mwenyewe, kwamba ni hodari au ni mzito, badala ya kuifikiria kazi iliyo mbele yake. "Work hard" ni mrejesho wa aina hiyo. Unamzungumzia mtoto, insha haiguswi.

Tuichukue aya moja tuitazame kwa karibu. Nimeitunga, lakini mwalimu yeyote wa kidato cha pili ataitambua:

"Last holiday I was go to Kilosa to visit my grandmother. The people of there they are very kind. My grandmother is old but he like to tell stories. One day he told me that I should to go at the market to buy tomatoes. I was bought tomatoes and I came back at home."

Kwa haraka yapo makosa kumi. Mwalimu mwenye bidii atayazungushia yote, na aya itaonekana kama imeugua surua. Lakini yasome tena kwa sikio la Kiswahili. "I was go" na "I was bought" ni "nilienda" na "nilinunua": mtoto ameamua kwamba "was" ndiyo "-li-" ya Kiingereza, akaichomeka mbele ya kila kitenzi. "He" kwa bibi, mara mbili, inatokana na "yeye" yetu, ambayo haimbagui mwanamke na mwanamume. "The people they are" ni kile kiambishi cha nafsi ambacho kwetu hakiachwi hata kama mtenda ameshatajwa: watu wa-mekuja. "Of there" ni "wa huko". "At the market" na "back at home" ni "-ni" ya sokoni na nyumbani. Hata "should to go" ina asili yake, ile "ku" ya "napaswa kwenda". Makosa tisa kati ya kumi yametoka kwenye lugha ambayo mtoto huyu anaijua vizuri kabisa. Lililobaki, "like" bila "s", ndilo la Kiingereza chenyewe.

Hapo hesabu inabadilika. Mtoto hana makosa kumi, ana mazoea sita au saba, na matatu kati ya hayo yamejirudia. Mwalimu akichagua moja tu, "was", akaeleza kwamba "-li-" haina neno lake la pekee katika Kiingereza kwa kuwa wakati umeshaingia ndani ya "went" na "bought", atakuwa ameugusa ugonjwa wenyewe. "At" isubiri wiki mbili. Najua wapo watakaosema kuliacha kosa bila kuliwekea alama ni kulihalalisha. Hofu hiyo naielewa, ila haiungwi mkono na tunayoyajua. Mwaka 1996 mtafiti John Truscott alifika hadi kusema usahihishaji wa sarufi katika insha za lugha ya pili uachwe kabisa kwa kuwa haufai kitu. Alivuka mpaka, kwa maoni yangu. Mwaka 2008 John Bitchener, huko New Zealand, aliwasahihishia wanafunzi wa Kiingereza matumizi mawili tu ya "a" na "the", akayaacha mengine yote, na usahihi wao katika hayo mawili ukapanda na kudumu. Wino mwekundu kidogo, uliolenga mahali, unafanya kazi. Ule wa kumwaga, mimi sijauona ukifanya.

Tena ile aya ina tatizo ambalo wino haukuligusa kabisa: sokoni hakutokei kitu. Kanunua nyanya, karudi. Hata sarufi ikinyooka, hiyo haijawa insha. Mrejesho unaofaa hapa ni sentensi moja inayoagiza kazi: "Andika sentensi nne za kuingia kati ya kununua nyanya na kurudi nyumbani. Ulimkuta nani? Alikuambia nini?" Ulinganishe na "Poor grammar". Mmoja unaweza kutekelezwa jioni hii, mwingine hauna pa kushikwa.

Sasa tuje kwenye muda, maana hapa ndipo mwalimu anaponuna, na ana haki. Mwenye mikondo minne ya wanafunzi hamsini hamsini ana insha 200. Akiitendea kila moja haki kwa dakika sita, ni dakika 1,200, yaani saa ishirini, nje ya vipindi, maandalio ya somo na zamu. Haiwezekani kila wiki, wala kila wiki mbili. Matokeo yake tunayaona: insha mbili kwa muhula, zilizosahihishwa kwa kukimbia, zikarudi wakati mtoto ameshasahau alichoandika. Mrejesho wa wiki tatu ni kama chumvi iliyoletwa watu wameshanawa mikono.

Njia iliyopo inaanza kwa kuacha kusahihisha rasimu ya kwanza. Kuisoma, ndiyo, ila kalamu ibaki mfukoni.

Kipindi cha kwanza, dakika 40. Dakika kumi za kupanga: swali linataka nini, mambo matatu nitakayoyasema, nitaanza na lipi. Dakika ishirini na tano za kuandika maneno 150, si 300. Maneno 150 yanatosha kuonyesha kila kosa alilonalo mtoto, na yale mengine 150 yangelirudia tu. Dakika tano za mwisho kila mtu anaisoma insha yake kwa sauti ya chini na kurekebisha anachokiona. Dakika hizo tano huonekana za kupoteza, kumbe nyingi ya "he" za bibi hukamatwa hapo hapo, kwa kuwa mtoto kanuni anaijua ila mkono ulimponyoka. Hapo mwalimu anapata kutofautisha kosa la kuteleza na kosa la kutojua. La kwanza halihitaji somo.

Kisha mwalimu anachukua karatasi za mkondo mzima na kuzisoma, dakika moja kila moja. Pembeni ana karatasi yake ya vijistari: "was" kabla ya kitenzi, 31, insha isiyojibu swali, 18, aya moja ndefu mwanzo mwisho, 22. Namba hizo ni mfano, lakini sura yake ndiyo hiyo: katika darasa moja makosa makubwa huwa machache, na yanajirudia kwa wengi. Kwa watoto hamsini ni dakika hamsini, na mwisho wake anajua afundishe nini kesho, jambo ambalo saa tano za wino mwekundu hazimwambii kwa uwazi huo.

Kipindi cha pili, ndani ya siku tatu. Sentensi sita halisi za darasa hilo zinaandikwa ubaoni bila majina, mbili kwa kila kosa. Mbili mbili, wanafunzi wanazirekebisha na kueleza kwa nini. Dakika kumi na tano. Zinazobaki ni za kuandika upya, si insha yote bali aya moja iliyo dhaifu zaidi. Hiyo ndiyo inayosahihishwa, dakika moja na nusu kwa kila mtoto, na hiyo ndiyo inayopewa alama. Piga hesabu kwa wanafunzi 200: kusoma, saa tatu na dakika ishirini; kusahihisha aya, saa tano. Jumla ni saa nane na dakika ishirini badala ya ishirini, na kila mtoto ameandika mara mbili.

Hapa pana mtego. Wengi wakiambiwa waandike upya hunakili. Wanaihamisha insha ileile kwenye ukurasa safi kwa mwandiko mzuri, na kosa linahamia nalo, limevaa nguo mpya. Wa kulaumiwa ni agizo. Usiseme "andika upya". Sema "badilisha vitenzi vitatu vilivyopigiwa mstari, ongeza sentensi nne katika aya ya pili, kisha pigia mstari ulichobadilisha." Asiyekuwa na mistari hajafanya kazi, na mwalimu anaiona hali hiyo kwa kutupa jicho tu.

Alama za mkato pia zina wafuasi wengi: T kwa nyakati, Sp kwa tahajia, kofia kwa neno lililokosekana. Ni nzuri zikiwa nne na zimeandikwa nyuma ya jalada la daftari. Zikifika kumi na mbili huwa lugha ya tatu ya kujifunza, na mtoto mwenye Kiswahili na Kiingereza vinavyogombana kichwani haihitaji.

Kuhusu kusahihishana wao kwa wao, naomba tusidanganyane. Ukiwaambia "badilishaneni madaftari, toeni alama", rafiki atapata 14/15 na adui atapata 3, na kila darasa lina mjuaji ambaye atalikata neno lililo sahihi na kuweka la kwake. Lakini ukimpa jirani kazi ya jicho tu, anaiweza vizuri: zungushia kitenzi katika kila sentensi, na isiyo nacho iwekee nyota, andika pembeni kwa maneno matano aya hii inasema nini, na ukishindwa andika "sijaelewa". Asitoe alama wala asisahihishe. Lile "sijaelewa" la jirani lina uzito kuliko la mwalimu, kwa sababu mwandishi hawezi kujitetea kwamba jirani anamwonea.

Sasa alama zenyewe. Kwa mfumo wetu wa Tanzania asilimia 30 ya alama za kidato cha nne hutokana na tathmini endelevu, na 70 na mtihani wa mwisho. Shule nyingi zimelielewa hilo kwamba kila kinachoandikwa kitiwe alama na kiingizwe kwenye rekodi. Tazama linachomfundisha mtoto. Kama kila rasimu ina alama, kujaribu sentensi ndefu ni hatari. Atabaki na "I like school. School is good. Teachers teach us." Hakuna kosa la kukata hapo, na hakuna insha. Mwingine atakariri. Ile insha ya "Importance of education" inayoanza na "Education refers to the process of acquiring knowledge and skills", ikaendelea na "Firstly" hadi "Lastly", na kufunga kwa "Generally, despite of the above advantages", iko vichwani mwa maelfu, pamoja na ile "of" isiyotakiwa. Inapata vema kila ikitolewa, kwa hiyo inatolewa kila mara. Siku swali linapogeuka na kuuliza kama mwanafunzi anakubaliana na hoja fulani, hutolewa ileile, faida tano na hasara tano, na mtahiniwa anashangaa alama zilipokwenda. Darasani hapakuwahi kuwa na mrejesho uliomwambia "umeandika vizuri, lakini hukuulizwa hili."

Kwa hiyo rasimu ya kwanza isiingie kwenye rekodi. Ya pili iingie, tena kwa alama zilizochambuliwa. Kwa insha ya alama 15 mgawanyo huu unatosha, nao ni wa kufundishia, haushindani na mwongozo wowote wa mtihani: 5 kwa kujibu swali na kuwa na la kusema, 3 kwa mpangilio wa aya, 5 kwa lugha, 2 kwa tahajia na alama za uandishi. Aliyepata 4, 2, 1 na 1 na aliyepata 1, 2, 4 na 1 wote wana 8. Kwa alama moja iliyoandikwa juu ya ukurasa ni watoto wanaofanana. Kwa mgawanyo huu mmoja anahitaji vitenzi, mwingine anahitaji kusoma swali. Kule Kenya, insha ya kubuni ya karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, yenye alama 20, hupangwa kwanza kwenye daraja, A hadi D, ndipo mtahini akatafuta alama ndani ya daraja hilo. Kwa kupanga maelfu ya karatasi ni njia nzuri. Kwa mtoto anayetaka kujua afanye nini Jumatatu, kuambiwa "wewe ni C" hakumsogezi popote. Kipimo cha kupanga watu na kipimo cha kufundisha si chombo kimoja, na kosa letu kubwa ni kuazima cha kwanza tukitumie kama cha pili.

Kuna chombo cha bure ambacho hakitumiki ipasavyo. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na kuziweka kwenye tovuti yake. Ndani mna vipande vya majibu halisi kwa mwandiko wa watahiniwa, vizuri na vibaya, pamoja na maelezo ya kwa nini kila kimoja kilipata kilichopata. Walimu wengi huzisoma kurasa za mbele tu, zile za asilimia na rangi ya kijani, njano na nyekundu. Utamu uko kwenye vile vipande. Chukua jibu zuri na jibu bovu la swali moja, yaandike ubaoni bila kusema lipi ni lipi, waache wanafunzi wabishane lipi limepata nyingi. Mtoto aliyewahi kubisha hivyo kwa nusu saa atakijua kipimo kabla hajapimwa, na anaposoma ya kwake anaanza kujisahihisha.

Neno moja juu ya lugha ya mrejesho. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma karibu masomo yake yote kwa Kiswahili miaka saba. Ukimwandikia "Your paragraphs lack coherence" umemwandikia fumbo. Mwambie kwa Kiswahili kwamba sentensi ya tatu haihusiani na ya pili, kisha mtake arekebishe kwa Kiingereza. Shule zenye bango la "Speak English Only" zitakunja uso. Zikunje. Insha ibaki ya Kiingereza tupu. Maelezo ya kosa yawe kwa lugha inayoeleweka, hasa miaka miwili ya mwanzo.

Hakuna hata moja kati ya haya litakalodumu kama kinachopimwa kwa mwalimu ni wingi wa wino. Anayekagua madaftari hutafuta vema, saini na tarehe kila ukurasa, na mwalimu mwerevu huzipanda kama mahindi. Wakuu wa shule na wakuu wa idara wanaweza kubadilisha swali bila kusubiri waraka: wasihesabu insha zilizosahihishwa, wafungue ukurasa unaofuata ile iliyosahihishwa. Kama pana aya iliyoandikwa upya, na mistari ya palipobadilishwa, kazi imefanyika, hata kama wino mwekundu ni kidogo. Insha nne kwa muhula zilizoandikwa mara mbili zinazidi kumi zilizoandikwa mara moja, na azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa mwaka, lipangwe hivyo tangu Januari, si baada ya mtihani wa majaribio.

Mzazi naye ana nafasi, hata asiyejua neno la Kiingereza. Badala ya kuuliza "umepata ngapi?", amwambie mtoto alete daftari, amwonyeshe insha moja iliyoandikwa mara mbili. Aangalie tarehe mbili, na kati yake atafute kilichobadilika. Kama hakuna tarehe ya pili katika daftari zima, swali hilo alipeleke kikao cha wazazi.

Mwalimu wa Kiingereza, sekondari,
Morogoro